Picha Niliyompa Dada Raya Anywe

Kwa miaka mingi, na ningeapa mbele ya kadhi yeyote, niliamini kwamba mtoto mmoja wa darasa la tatu skulini kwetu aliilamba picha ya mbuzi kwenye sleti yake, na tangu adhuhuri ya siku ile mpaka siku ya tatu, kila alipoitwa hakuitika "Naam" kama watoto wa watu. Aliitika "Mee."

Aliyenipa habari hizi ni Shaame, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, na Shaame hakuwa mtu wa kusimulia jambo likabaki na urefu wake. Alisema mama wa yule mtoto alilazimika kumfunga kamba mguuni asiende kula mirehani ya majirani. Alisema ndevu tatu zilimtoka kidevuni, tena nyeupe. Nilipomwomba anioneshe huyo mtoto, akanijibu bila kupepesa, "Kahamishwa, yakhe. Wazee wake wamempeleka Pemba kwa aibu." Nikaridhika. Mtoto wa miaka minane akishatajiwa Pemba, ushahidi kwake umekamilika.

Msinicheke upesi, nyinyi wenzangu wa rika langu. Nani kati yenu hakunyweshwa kombe? Homa ikikupanda, sahani nyeupe iliandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji na marashi ya mawaridi, nawe ukayanywa yale maji ukiwa umefumba macho. Nami nilikuwa na akili, tena nyingi mno. Nilijiambia: ikiwa kilichoandikwa kwenye sahani kinaingia mwilini kikafanya kazi, kilichochorwa kwenye sleti kitashindwaje? Sikujua tofauti ya aya na mbuzi. Kwangu mimi vyote vilikuwa alama, na alama zikioshwa zilikuwa kinywaji.

Haya yamenirudia wiki iliyopita, mjukuu wangu alipoliangusha boksi zima la chaki za mama yake ndani ya ndoo ya maji. Mama yake mwalimu, basi palikuwa na kilio. Mimi nilibaki nimeinamia ndoo ninanusa. Chaki ikirowa hunuka kama ukuta mpya wa chokaa ulionyeshewa usiku mmoja. Nilinusa mpaka mjukuu akauliza kama babu anataka kunywa. Nikamwambia babu hanywi, ila alishawahi kunywesha.

Kisa kinaanzia kwa Maalim Khatibu. Alikuja skulini kwetu akiwa mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu, mwanafunzi wa nyuma alidhani darasa halina mwalimu. Alipewa somo la afya, ambalo kabla yake lilikuwa somo la kughani: kata kucha, nawa mikono, usiteme mate ovyo. Tulilighani kwa sauti hata wachukuzi wa bandarini, pale mtaa wa Malindi, nadhani walikata kucha kwa ajili yetu. Maalim Khatibu hakutaka kughaniwa. Aliingia na karatasi za kaki, zile za kufungia majora ya nguo, amezikunja kwapani. Alibandika moja ukutani, akakaa juu ya meza, miguu ikining'inia, akauliza, "Huyu ana nini?"

Basi. Somo zima lilikuwa ni hilo swali.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyejikunja, mikono tumboni. Mwanzoni alikuwa na uso kamili, lakini baadhi ya wazee walikuja skulini kulalamika kuwa haifai kuwachora viumbe wenye roho namna ile. Maalim hakubishana nao. Aliwakaribisha kahawa, akawasikiliza mpaka wakamaliza, na kuanzia siku ya pili watu wake wote wakawa hawana macho, wala pua, wala mdomo. Nyuso tupu kama mayai. Wazee wakaridhika, au walichoka. Kazi ikabaki kwetu, maana ilibidi tujue mtu ana huzuni au ana kichomi kwa kumsoma mabega.

"Kapofuka!" alipiga kelele mmoja.

"Kameza kokwa la zambarau!"

"Kaiba kitu, Maalim, anakificha!"

"Kafunga," alisema Shaame, "na jirani wanapika muhogo wa nazi."

Maalim hakusema nani kapata wala nani kakosa. Alisema tu, "Njoo unioneshe hapa ukutani kitu gani umekiona ukasema hivyo." Na kila mmoja alipokwenda mbele kuweka kidole, mambo yalibadilika. Aliyesema kaiba aligundua kuwa vidole vya yule kijana vimefumbata shati kwa nguvu, na mwizi hafumbati shati, hushikilia alichoiba. Mwingine akasema yeye hushika tumbo hivyohivyo siku ya mtihani. Darasa zima likakiri kushika tumbo siku ya mtihani. Siku ile nilijua kuwa woga na tumbo vinakaa nyumba moja. Tulitoka tukiwa tumesema mambo ambayo hata mama zetu hawakuwa na habari nayo, na Maalim hakuwa amesema zaidi ya sentensi nne.

Sasa nyumbani. Baba alikuwa safarini na meli muda wote wa kisa hiki, kwa hiyo mumsamehe. Tulikuwa mama, mimi, na dada Raya, mwenye miaka kumi na sita, aliyekuwa amerudi kutoka kijiji cha Matemwe alikoishi miaka miwili kumwangalia bibi. Kabla hajaenda shamba, dada Raya alikuwa na kicheko ambacho nakwambieni kilisikika kutoka ghorofani kwetu mpaka forodhani, na mabaharia waligeuza shingo. Alinifundisha kupiga mbinja kwa vidole viwili. Alipanda ngazi zetu za mawe, ambazo kila moja ina urefu wa goti, akiwa na ndoo ya maji ya mfereji kichwani na mimi mgongoni.

Aliyerudi kutoka Matemwe alikuwa mtu mwingine. Alipanda ngazi nne akakaa. Alifagia nusu ya chumba akaegemea ufagio. Alikuwa mweupe wa rangi isiyo yake, na alikaa kwenye baraza ya ndani, mkono shavuni, asubuhi mpaka jioni. Kicheko hakikuwepo. Nilikitafuta. Niliigiza mbuzi, niliigiza muuza kahawa, nilijirusha nikaanguka makusudi. Alitabasamu kidogo akasema, "Utajiumiza, mdogo wangu."

Mama alikuwa mwanamke mwema ila hakuwa na subira na mtu aliyekaa. "Shamba wamenirudishia mzigo," aliwaambia majirani. "Nlimpeleka mtu, nimeletewa mto wa kuegemea. Mvivu huyu! Maulidi yakisha tu nnamrudisha kwa bibi yake akalime, labda mwili utamtoka usingizi."

Dada aliyasikia hayo akainamisha kichwa. Mimi niliyasikia nikahesabu siku. Zilikuwa kumi na mbili.

Ndipo Maalim Khatibu akaja na picha ya mwanamke. Aliibandika ukutani. Mwanamke amekaa juu ya baraza, mkono shavuni, shingo imelegea upande, miguu imetupwa mbele kama si yake. Hakuwa na uso, lakini nilimjua. Ningemjua hata angechorwa kisogo.

"Huyu ana nini?"

"Kafiwa!"

"Kaachwa!"

"Anamngoja mumewe, meli imechelewa!"

"Huyo mvivu tu," alisema Shaame. "Mtazame miguu yake. Mvivu mpaka vidole."

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka sleti yangu ilikuwa mkononi, kisha ilikuwa kichwani kwa Shaame, na Shaame anapiga ukelele kama jogoo aliyekanyagwa. Maalim alishuka mezani. Nilijua nitakula bakora. Alinitazama, akamtazama Shaame, akapapasa kichwa cha Shaame akaona hakikupasuka, sleti ndiyo iliyopata ufa.

"Yamekukuta nini?" aliniuliza.

Ningesemaje? Kusema dada yangu yuko ukutani?

Akangoja kidogo, kisha akageukia darasa. Aligawa vipande vya chaki za rangi, vifupi kama jino, akasema, "Leo msinijibu. Mchoreni huyu mwanamke siku aliyokuwa mzima. Kila mtu kwenye sleti yake."

Nilichora kama mtu anayekimbizwa. Nilimchora dada amesimama. Nilimpaka kanga nyekundu. Nilimtwika ndoo kichwani, nikamwekea mikono kiunoni, mguu mmoja juu ya ngazi. Uso sikumtia, nilishazoea. Na nilipomaliza, nikiitazama ile picha nyekundu iliyochanua, yule mtoto wa Pemba akanijia akilini na ndevu zake tatu.

Kama mbuzi aliwezekana, kwa nini dada asiwezekane?

Nilitoka skulini nimeibeba sleti kwa mikono miwili kama siniya ya mayai. Wenzangu walicheza mpira wa makuti, mimi nilipita ukutaukuta. Mtu akikohoa nilisimama. Upepo ulipotokea upande wa bahari niliifunika kwa kanzu bila kuigusa, jambo ambalo mpaka leo sijui nililifanyaje. Nyumbani, mama alikuwa kwa jirani. Nilichukua mrashi, ile chupa ya fedha ya kunyunyizia marashi siku za harusi, nikaimimina nusu nzima juu ya sleti. Picha ikalegea. Kanga ikaanza kutiririka. Niliikusanya yote, mpaka tone la mwisho, ndani ya kikombe cha kahawa, na chaki iliyogoma nikaisugua kwa kidole kilicholowa mate. Likapatikana kombe zito la rangi ya waridi, zuri kuliko kombe lolote nililowahi kuliona.

Dada Raya alikuwa palepale barazani.

"Nini hii?"

"Kombe."

"La nani?"

"La skuli."

Alilinusa, akanitazama. "Kaliandika nani?"

"Dada, kunywa kwanza. Maswali baadaye."

"Haya, kaniletee maji ya kusukumia."

Nilikwenda mbio mtungini, nikarudi na kata. Kikombe kilikuwa kitupu, dada anajipangusa mdomo kwa ncha ya kanga. Nilikaa mbele yake, nikaegemea magoti yake, nikamsubiri asimame na ndoo. Hakusimama. Nikadhani dawa imepotea njia, inahitaji kuelekezwa.

"Dada, unaumwa wapi hasa? Niambie, ili niiombe ifike."

Nilisikia mlango wa jirani ukifungwa, na mtu akikohoa huko chini njiani.

"Kila pahala," alisema. "Miguu mizito, kama nnatembea kwenye maji. Nikipanda ngazi moyo unanipiga, nnausikia mpaka kwenye meno. Masikioni kunavuma, kama mtu kanifunika chungu. Na nnaona baridi, mdogo wangu, jua lote hili."

"Na nini tena?"

Akatazama huku na huku. "Ukimwambia mama, sikusemeshi mpaka nife. Apa."

Niliapa.

"Nnakula udongo," alisema, na machozi yakamtoka. "Wa ukutani, pale nyuma ya kabati. Nnauchokoa kwa kucha. Sijui kwa nini. Nnauona mtamu. Nnajiona mwendawazimu."

Nilikwenda kutazama nyuma ya kabati. Palikuwa na shimo la kuingia ngumi, na kwa jinsi nilivyoogopa, usiku ule niliamini akiendelea wiki moja zaidi tutaonana na jirani.

Siku ya pili Maalim alibandika tena yule mwanamke. "Jana hamkunijibu," alisema. "Leo nijibuni. Huyu ana nini?"

Nilikuwa nimeapa kutomsema dada yangu kwa mama. Sikuapa kutomsema mwanamke wa ukutani. Nikanyoosha mkono. Nikaenda mbele, nikaweka kidole juu ya miguu yake.

"Hapa pazito, kama anatembea kwenye maji." Nikapandisha kidole. "Hapa panapiga akipanda ngazi, anapasikia mpaka kwenye meno. Hapa masikioni panavuma kama kafunikwa chungu. Anaona baridi juani." Kidole kikafika kwenye ule uso mtupu, mahali ambapo mdomo ungekuwa. "Na anakula udongo wa ukutani, na analia kwa sababu anajiona mwendawazimu. Si mvivu. Hata kidogo si mvivu."

Darasa lilicheka, maana udongo ni udongo. Maalim hakucheka. Alishuka mezani pole pole.

"Haya nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyu," nikasema, nikiwa bado nimemwekea kidole. Darasa likapasuka kwa kicheko, na mimi nikasimama pale kama mlingoti.

Maalim aliwanyamazisha. Kisha akatwambia, taratibu, kuwa wako minyoo wadogo kama uzi, hukaa kwenye udongo wenye unyevu, huingia kwa nyayo za mtu anayetembea miguu mitupu, na hunywa damu yake kidogo kidogo mpaka damu ikapungua. Ugonjwa huo unaitwa safura. Mwenye safura anachoka, moyo unamkimbia, wengine hutamani udongo. Watu humwita mvivu, na yeye mwenyewe mwisho huamini. "Dawa ipo hospitali," alisema. "Ila kwanza mtu lazima aulizwe." Shaame, mwenye nundu kichwani, aliniangalia kwa jicho lengine kabisa.

Alasiri ile Maalim Khatibu alibisha hodi kwetu, karatasi kwapani. Kwa kuwa baba hakuwepo, alikaa barazani nje, na mama akakaa ndani, mlango umeegeshwa, sauti inapita kwenye upenyo.

"Mwanangu kafanya nini?" aliuliza mama. "Kampiga mtu? Nshasikia. Mcharaze, Maalim, nnakupa ruhusa."

"Hapana, Bi Mkubwa. Nimekuja kukuonesha kitu, unisaidie." Akaikunjua ile karatasi, akanipa nimpelekee mama ndani. "Nawauliza watoto huyu ana nini, na kila mtu ana lake. Wewe unamwonaje?"

Mama aliishika kwenye mwanga wa dirisha. "Mvivu huyu," alisema hapohapo.

Maalim hakujibu. Alijua kunyamaza kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Mama aliendelea kutazama. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali. "Lakini mbona shingo yake..." alisema. "Mvivu hulala, huyu hakulala. Huyu kashindwa." Nilimwona akigeuza macho kwenye baraza ya ndani, ambako dada Raya alikuwa amekaa, mkono shavuni, miguu imetupwa mbele kama si yake. Mama alitazama picha, akamtazama mwanawe, akatazama picha.

"Yallah," alisema kwa sauti ndogo. "Raya. Njoo, mwanangu. Hapana, kaa, ntakuja mimi."

Akaenda akakaa naye, akamshika mikono, akamgeuza viganja. Sikusikia waliyosemezana, maana mama alinifukuza nimpelekee Maalim kahawa. Ila kesho yake asubuhi mama alivaa buibui, akamshika dada mkono, wakaenda hospitali wakipumzika kila pembe ya njia. Daktari alimvuta dada ukope wa chini, akaona weupe mtupu ndani yake, akauliza tu, "Shamba alikuwa anavaa viatu?" Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Bibi kule Matemwe alipelekewa makubadhi na salamu kali.

Maulidi yalisomwa yakaisha, na hakuna aliyetaja kurudi shamba. Dada alipanda ngazi sita, kisha kumi. Alianza kula wali mpaka mama akalia kwa furaha na hofu kwa pamoja. Shimo la nyuma ya kabati likazibwa kwa chokaa. Na asubuhi moja niliiba kipande cha mkate wake nikakimbia, nikasikia nyayo nyuma yangu zinapanda ngazi, mbili mbili, na mkono ukanikamata shingo, na kile kicheko kikatoka. Nakwambieni ukweli wangu wote: kunguru walihama mtaa.

Nyinyi mnajua kilichomponya. Mimi nilijua zaidi. Nilimweleza Shaame siri ya kombe la sleti, na kwa Shaame siri ilikaa kadiri ya kufumba na kufumbua. Wiki ile darasa zima lilikunywa picha. Mmoja alikunywa kanzu ya sikukuu. Shaame alichora baskeli, akainywa na magurudumu yote mawili, akakaa mlangoni kwao mpaka magharibi kuingoja, na alichokipata ni kuharisha. Alisema kosa ni lake, alisahau kuchora breki.

Mimi niliendelea kuamini, na nilipoanza kuona haya ya kuamini niliendelea kusimulia. Nilisimulia ubarobaroni mwangu, nilisimulia harusini kwangu. Nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, ninasoma darasa la jioni ili nipate cheti nilichokikosa udogoni, mwalimu alitutaka tusimame tueleze jambo lililotubadilisha, nami nikaeleza kombe la dada Raya kwa ufasaha hata wazee wenzangu wakapiga makofi.

Siku moja nikawa kwa dada, Bwejuu, alikoolewa. Wajukuu zake wametuzunguka, yeye anakuna nazi juu ya mbuzi, mikono imemjaa nguvu. Nikaanza kuwasimulia. Nilipofika pale mrashi ulipomiminwa, dada aliacha kukuna.

"Hebu nyamaza kidogo," alisema. "Lile kombe mimi sikulinywa."

"Hukulinywa vipi? Nlikiona kikombe kitupu."

"Lilikuwa chaki na mate yako. Nlikutuma maji, ulivyogeuka nikalimwaga dirishani. Nimepona kwa dawa ya hospitali."

Wajukuu walicheka mpaka mmoja akaanguka mkekani. Mimi nilibaki mdomo wazi, mzee mzima.

"Sasa kama hukulinywa," nikamwuliza, "kwa nini ulinambia yote yale?"

Dada Raya alishika kifuu chake, akaendelea kukuna.

"Kwa sababu uliniuliza."